Mtoto asiimbe herufi, azisome

Haya ni mazungumzo ya mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, aliyoyatoa Mbesa, wilayani Tunduru, mbele ya kamati za parokia na wageni wafadhili. Tunayachapa kwa ukamilifu kwa faida ya kamati zote.



Nimeombwa niseme machache juu ya kuwafundisha watoto wadogo kusoma. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi katika shule za msingi za vijijini. Lakini sikuja kujisifu. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha.

Nilikuwa na darasa la kwanza lenye watoto zaidi ya themanini. Kila asubuhi niliandika ubaoni ba, be, bi, bo, bu, nikashika fimbo ya kuonyeshea, na darasa zima likaitikia kwa sauti moja. Wageni wakija walifurahi. Kulikuwa na binti mmoja mwenye sauti nzuri kuliko wote. Nilimwita mbele, akafungua kitabu, akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Wageni walimpigia makofi, nami nikampa alama zote.

Binti yule alipofika darasa la nne, baba yake alinifuata nyumbani. Mkononi alikuwa na stakabadhi ya korosho aliyopewa na chama cha msingi. Yeye mwenyewe hakujua kusoma, kwa hiyo alimpa binti yake amsomee kilo zilizoandikwa na jina la aliyepokea mzigo. Mtoto aliitazama ile karatasi, kisha akaanza kulia. Baba akaniambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, naomba nikuulize. Miaka minne hii, mtoto wangu alikuwa anafanya nini shuleni?"

Sikuwa na jibu. Nilichukua kitabu kilekile cha darasa la kwanza, nikaziba picha kwa kiganja, nikamwomba asome mstari wa katikati. Hakuweza. Kumbe siku zote alikuwa ameukariri ukurasa. Picha ilimkumbusha wimbo, na wimbo ukamalizia kazi. Hakuwahi kusoma hata neno moja. Mimi ndiye niliyemfundisha kuimba nikadhani nimemfundisha kusoma.

Kusoma kwa sauti za herufi

Ndugu wajumbe, herufi ni alama ya sauti. Mtoto akishajua kwamba alama hii inasimama badala ya sauti hii, na kwamba sauti zikiunganishwa zinakuwa neno, amepata ufunguo wa kila neno lililoandikwa kwa Kiswahili, hata asilowahi kuliona. Asipojua hilo, atabaki kukariri maneno moja moja kama anayekariri nyuso za watu sokoni.

Tatizo la kwanza ni majina ya herufi. Tumezoea kumfundisha mtoto kwamba hii ni "be" na hii ni "a". Kisha tunamwandikia neno baba, naye kwa utii anasoma "be-a-be-a". Tunamkemea, kumbe amefanya tulichomfundisha. Afadhali aanze na sauti ya herufi, na jina lake alijue baadaye.

Tatizo la pili ni mpangilio. Si lazima tuanze na b kwa sababu tu inafuata a. Anza na sauti ambazo mtoto anaweza kuzivuta kinywani: mmmm, ssss, llll, pamoja na irabu a na i. Kwa herufi hizo tano tu, mtoto anaweza kusoma mama, mimi, sisi, lala, lima na asali. Katika wiki chache za mwanzo anakuwa amesoma maneno ya kweli yenye maana kwake. Hapo ndipo anapopata hamu ya kuendelea.

Baada ya hapo silabi zinakuja zenyewe. Sisemi tuzitupe ba, be, bi, bo, bu. Kiswahili kinapenda silabi, na walimu wetu wa zamani hawakukosea kuzifundisha. Kosa ni kuziimba kwa mpangilio uleule kila siku mpaka mtoto hahitaji tena kutazama ubao. Zichanganye. Andika bu, kisha ba, kisha bo. Badili irabu: baba, bibi, babu. Mwandikie neno lisilo na maana yoyote, kama "bemu" au "lomi". Akilisoma sawasawa, jua amefahamu sauti, kwa sababu neno hilo hakuna aliyemwimbia.

Mwisho zinafuata sauti zinazoandikwa kwa herufi zaidi ya moja: ch, sh, ny, ng', mb, nd. Mtoto wa hapa atafurahi siku atakapogundua kwamba mbe na sa vikikaa pamoja ni jina la kijiji chake.

Lugha yetu inatusaidia

Wageni wetu wanaotoka nchi za Kiingereza wanajua taabu ya watoto wao, maana Kiingereza huandikwa hivi na kutamkwa vile. Mwaka 2003 ulitolewa utafiti uliolinganisha watoto wa lugha kadhaa za Ulaya mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule. Watoto wa Ufini, ambao lugha yao huandikwa kama inavyotamkwa, walisoma sawasawa maneno 98 katika kila 100 ya kawaida. Wale wa Uskoti waliosoma kwa Kiingereza walipata 34.

Kiswahili kiko upande wa Kifini. Irabu zetu ni tano na hazigeuki. Kwa hiyo hatuna sababu ya mtoto kumaliza miaka miwili shuleni bila kusoma. Lakini upimaji wa kitaifa wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba ni kama wanafunzi 8 tu katika kila 100 wa darasa la pili waliosoma kwa ufahamu wa kutosha kuendelea na masomo. Serikali ilishtuka, na mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulibadilishwa ili uweke mkazo kwenye KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Huo ulikuwa uamuzi mzuri. Hata hivyo mtaala ni karatasi mpaka mwalimu na mzazi wautie uhai.

Sauti peke yake hazitoshi

Napenda pia kuwa mkweli juu ya mipaka ya njia hii. Watoto wengi wa Tunduru wanakuja shuleni wakiwa na Kiyao kinywani, na wengine lugha nyingine za nyumbani. Mtoto anaweza kuunganisha sauti vizuri akasoma neno treni, lakini wilaya yetu haina reli, na kama hakuna aliyemweleza, amesoma kelele tu. Kwa hiyo kabla ya kusoma tuzungumze. Mweleze mtoto maneno mapya, msimulie hadithi, mwache naye asimulie. Mama asiyejua kusoma anaweza kufanya hivyo jioni wakati wa kupika, na atakuwa amemsaidia mwalimu sana.

Aidha, Kiyao hakina sauti ya r. Mtoto akiandika "balua" badala ya barua, hajafanya ujinga, ameandika anachosikia. Fimbo haimpi mtu sikio. Mtamkie mara nyingi barua, bara, bala, asikie tofauti. Kwa upande mwingine, sauti ng' na ny zinazowasumbua wageni, mtoto wa Kiyao anazo tayari. Ng'ombe ni ng'ombe na nyumba ni nyumba katika lugha zote mbili. Tuanzie kwenye kile alichonacho.

Tukumbuke pia kwamba watoto wengi wa majirani zetu wanapita madrasa kabla ya shule. Kule wanajifunza kwamba herufi moja ikiwekewa alama ya juu inasomwa ba, na ikiwekewa alama ya chini inasomwa bi. Huko ndiko kuunganisha sauti. Mtoto wa namna hiyo anakuja na mwanga tayari. Kundi la kusoma likianzishwa na parokia, liwe la watoto wote wa kijiji. Herufi hazina dhehebu.

Ombi langu kwa kamati na wafadhili

Mkoa wetu wa Ruvuma ulikuwa katika mradi wa Tusome Pamoja, uliofadhiliwa na Marekani kati ya mwaka 2016 na 2021. Mradi ulikwisha kama miradi yote inavyokwisha, na mwaka 2025 hata shirika lenyewe la USAID lilifungwa. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Nasema ili tujiulize ni nini kinachobaki gari la mradi likiondoka. Kinabaki kile kilichoingia kichwani mwa mwalimu na kile ambacho kijiji kimezoea kufanya.

Kwa hiyo naziomba kamati mambo matatu. Kwanza, kila kigango kiwe na mtu mmoja anayesoma vizuri na mwenye subira, atakayekaa na watoto wasiozidi kumi kwa nusu saa, siku tatu kwa wiki. Pili, tutengeneze kadi za herufi kwa maboksi yaliyotumika na kalamu ya wino mzito. Haba na haba hujaza kibaba. Tatu, kila mwisho wa mwezi mtoto asome peke yake mstari ambao hajawahi kuuona, picha ikiwa imezibwa, na jina lake liandikwe kwenye daftari: anasoma, anajikongoja, bado.

Na kwenu wafadhili, nawaomba neno moja. Tunapowaletea taarifa kwamba tumenunua vitabu, tuulizeni ni watoto wangapi wanavisoma. Mkituuliza hivyo tutalazimika kuwasikiliza watoto mmoja mmoja. Na mkitutembelea, msiridhike na darasa linaloitikia kwa pamoja. Chagueni mtoto aliyekaa nyuma.

Yule binti nilianza naye upya likizo ileile, kwa sauti, kama mtoto wa awali. Aliona aibu, nami pia. Ilituchukua miezi. Msimu wa korosho uliofuata baba yake alikuja tena na stakabadhi, safari hii akiwa na binti yake. Alisoma polepole, kidole kikifuata kila herufi, jina, tarehe na kilo. Hesabu ilikuwa sahihi, hakuna aliyemdhulumu mzee yule. Lakini miaka yote iliyotangulia alikuwa akiikunja karatasi ile na kuondoka bila kujua.