Simile! Namna ya Kujilinda katika Mpira wa Kikapu

Haya, sogeeni karibu na redio. Mwalimu wa darasa naye aandike ubaoni neno moja: KINGA.

Leo tutazungumza juu ya mpira wa kikapu, mchezo alioutunga Bwana James Naismith huko Marekani mwaka 1891. Kila upande una watu watano uwanjani, na kikapu kiko juu mita 3 na sentimita 5.

Fikiri unamkimbiza mtu katika kichochoro cha Hurumzi. Mara hamali anatokea na rikwama lake. Yule mtu anapenya, wewe unabanwa ukutani. Lakini hamali ni mwungwana, alikwisha kupiga kelele, "Simile! Simile!" Katika mpira wa kikapu hamali hasemi neno.

Mambo huwa hivi. Wewe unamlinda Juma, mwenye mpira. Mwenzake Makame, jitu refu, anakuja na kusimama kando yako kama nguzo. Hiyo ndiyo kinga. Sheria inamruhusu, maadamu ametulia, hakusukumi wala hakupigi kiwiko. Juma anapita bega kwa bega naye, wewe unagonga nguzo. Papo hapo Makame anageuka na kukimbilia kikapuni, anangoja apewe mpira. Sasa wako wawili mbele, na wewe uko nyuma.

John Stockton na Karl Malone wa timu ya Utah Jazz walicheza hivyo pamoja tangu 1985 hata 2003. Kila mtu alijua watakalofanya, na bado walifunga!

Basi dawa ni nini? Makame naye ana mlinzi wake, tumwite Haji. Haji anaiona kinga. Wewe umeipa mgongo. Kwa hiyo Haji ndiye wa kusema simile, na aseme mapema: "Kinga kulia!" Akichelewa, hakuna mbinu itakayowafaa. Vijana wengi wenye nguvu hufungwa kwa sababu hiyo tu, wanaona haya kupiga kelele.

Haji akishasema, mnaweza kubadilishana: yeye amshike Juma, wewe umshike Makame. Ni rahisi, lakini tazama, sasa wewe mfupi unalinda jitu.

Au Haji arudi nyuma karibu na kikapu, nawe upenye umfukuze Juma. Njia hii huwafaa walinzi warefu sana, mfano wa Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye kimo cha zaidi ya mita 2, aliyechaguliwa wa pili kuingia ligi ya NBA ya Marekani mwaka 2009. Mtu kama huyo ukimtoa kikapuni umempoteza bure. Lakini Juma atapata nafasi ya kutupa kutoka mbali. Kama hana shabaha, mwacheni atupe.

Kama anayo, basi wewe na Haji mvamieni wote wawili, aachie mpira. Hapo Makame yuko peke yake, na mmoja wa wenzenu watatu lazima amwache mtu wake aje kumziba. Ni hatari, na mimi singeitumia mara nyingi.

Sasa jaribuni darasani. Kiti kiwe Makame. Mmoja awe Juma, mmoja amfuate akitazama Juma tu, na wa tatu apige kelele. Kisha rudieni, wa tatu akiwa kimya. Kwaherini.