KWA NINI TWENDE DAR ILI TUFIKE BUJUMBURA?

(Haya ni mazungumzo ambayo mwandishi wetu wa kujitegemea aliyatoa mbele ya vijana wa mjini Tabora. Tumeyachapa kama alivyoyasema.)



Nimeombwa nizungumzie maendeleo ya mji wetu. Maendeleo ni neno pana, kila mkubwa akipewa kipaza sauti analitapika mpaka linakosa ladha. Mimi nimechagua kitu kimoja tu, nacho ni ndege. Tena sisemei ndege ya kwenda Dar es Salaam. Hiyo ipo, na mwenye nauli anapanda. Nasemea ndege ya kutoka hapa Tabora na kuvuka mpaka bila kupitia kwa mtu.

Najua wapo watakaocheka. "Huyu kijana kalewa wanzuki, Tabora na ndege za nje wapi na wapi?" Chekeni, halafu chukueni ramani ya darasani, ile ya shule ya msingi inatosha, mpime nami kwa rula.

Kutoka Tabora hadi Bujumbura, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilometa 430. Kutoka Tabora hadi Dar ni kama kilometa 730, nako ni mashariki, upande usio wako kabisa. Sasa wewe mwenye haraka, unayetaka kwenda Bujumbura kwa ndege, unaambiwa nenda kwanza Dar. Ukifika huko unageuzwa na kurushwa kilometa zipatazo 1,160 kurudi magharibi. Jumla ni karibu kilometa 1,900 kwa safari ya kilometa 430. Umekwenda zaidi ya mara nne ya njia, na nauli umelipa mara mbili.

Linaloudhi zaidi ni hili. Chora mstari toka Dar hadi Bujumbura uone unapita wapi. Unapita kama kilometa 50 tu kaskazini ya Tabora. Yaani baada ya kuondoka nyumbani alfajiri na kulala Dar kwa gharama zako, unarudishwa juu ya mkoa wako mwenyewe, juu ya mashamba ya tumbaku ya mjomba wako, na chini huruhusiwi kushuka. Kuna mantiki gani hapo?

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikaa Kwihara, hapo jirani yetu, akitaka kwenda Ujiji kumtafuta Dk. Livingstone. Njia iliyonyooka ilikuwa imefungwa kwa vita vya Mtemi Mirambo, ikambidi azunguke kusini kabisa ndipo afike. Yeye alikuwa na sababu, mbele yake palikuwa na Mirambo na bunduki zake. Sisi leo tunazungushwa na nani? Mirambo alikufa mwaka 1884.

Turudi nyuma kidogo, maana ukitaka kujua mji umenyimwa nini lazima ujue ulikuwa na nini. Tabora haikuota kama uyoga. Wazee waliiita Kazeh, na ilikuwa njia panda. Misafara iliondoka Bagamoyo, ikapanda Ugogo, ikafika Unyanyembe na hapo ikagawanyika. Mmoja ulikwenda magharibi mpaka Ujiji, ukavuka ziwa na kuingia Manyema. Mwingine ulishika kaskazini, Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipoingia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, baada ya zaidi ya miezi minne njiani, waliwakuta Waarabu na Waswahili wanakaa kwenye matembe makubwa, wanapata habari za Kongo na habari za Unguja kwa pamoja. Baba yake Tippu Tip alikuwa na maskani hapa. Bidhaa ya nchi ya mbali ilipimwa bei Tabora kabla haijaiona bahari.

Simsifii mtu kwa jambo lile. Njia ile ilipita pembe za ndovu, na ilipita binadamu waliofungwa minyororo, na mabega yaliyobeba mizigo yalikuwa ya babu zetu Wanyamwezi. Mwaka 2006 nchi yetu iliiweka njia hiyo kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO kwa jina lake chungu, njia ya kati ya watumwa na pembe, na Kwihara imo pamoja na Bagamoyo na Ujiji. Ninachosema ni kwamba mpagazi wa Kinyamwezi, pekupeku na mzigo kichwani, alikuwa anatoka hapa akavuka ziwa bila kwenda kwanza Dar kuomba ruhusa.

Mjerumani alipokuja aliielewa njia panda hiyo. Reli aliyoianza Dar mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mbelgiji naye alitoka Kongo akaitwaa Tabora Septemba 1916, kwa kupitia magharibi, upande huohuo ambao sisi leo tunaambiwa hauna njia. Mwingereza akaongeza tawi la Mwanza, likamalizika 1928. Ndiyo maana mpaka kesho ukiuliza treni ya bara inagawanyika wapi, jibu ni stesheni ya Tabora.

Na ndege je? Hapa ndipo nilipochoka mwenyewe nilipoyasoma. Januari 1920 ndege aina ya Vickers Vimy Commercial iliondoka Uingereza kwenda Cape Town, ikigharimiwa na gazeti la The Times la London. Warushaji walikuwa Kapteni Cockerell na Kapteni Broome, na ndani alikuwamo mtaalamu wa wanyama, Dk. Chalmers Mitchell. Wakapita Misri, wakapanda na mto Nile. Tarehe 27 Februari 1920 ndege ile ikaanguka hapa hapa Tabora, safari ikaishia hapo. Mitchell alitoka hai na akaishi miaka mingine 25. Kwa hiyo ndege ya kutoka nje ya nchi ilishafika Tabora zaidi ya miaka 100 iliyopita. Iliondoka vipande vipande, sawa, lakini ilifika. Anayesema jambo hili ni ndoto ya vijana wa siku hizi hajui historia ya mji anaoukalia.

Sasa tuje kwenye kiini. Kuna nini kinachokosekana?

Wakubwa wetu wakiulizwa hukimbilia jibu moja: uwanja mdogo. Hebu tusidanganyane. Ndege za Shirika la Ndege Tanzania aina ya Q400, zenye viti 76, zile ambazo mbili za kwanza zililetwa Septemba 2016 wakati shirika limebakiwa na ndege moja tu, zinatua Tabora. Ndege hiyohiyo Bujumbura inaifikia kwa chini ya saa moja. Haihitaji lami ya kutua Boeing. Na mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya kwa ajili ya viwanja vya Tabora, Kigoma, Shinyanga na Sumbawanga tumeusikia kwa miaka mingi mpaka watoto wameukariri.

Kinachoufanya uwanja uwe wa kimataifa ni meza, vijana wenzangu. Meza ya Uhamiaji ya kugonga paspoti. Meza ya forodha, ofisa wa TRA akague mizigo. Meza ya afya, ya kukagua cheti cha homa ya manjano. Halafu zimamoto na ulinzi wa kiwango kinachotakiwa, na tangazo la serikali kwamba hapa ni mahali pa kuingilia na kutokea nchini. Meza hizo si lazima zikae na watu siku saba za wiki. Ndege ikija mara mbili kwa wiki, maofisa wanakuja mara mbili. Mkoa una Uhamiaji, mkoa una TRA, wanalipwa mshahara tayari.

Kuna na karatasi. Ndege haivuki mpaka kwa kupenda tu. Nchi mbili huandikiana mkataba wa usafiri wa anga, na kwa kawaida ndani yake hutajwa miji. Mji usiotajwa hautuliwi. Sasa nani anautaja mji wetu wanapokaa mezani? Januari 2018 nchi 23 za Afrika zilianzisha soko moja la usafiri wa anga, kutimiza makubaliano yaliyofikiwa Yamoussoukro mwaka 1999, ili mashirika yaruke kwa uhuru zaidi kati ya nchi na nchi. Kenya ilikuwamo, Rwanda ilikuwamo, Ethiopia ilikuwamo. Tanzania haikuwamo siku ile. Sababu iliyozoeleka ni kulilinda shirika letu. Sikatai kulilinda. Lakini ukimfungia mtoto ndani ili asipigwe na wenzake, basi mpe chakula humo ndani. Kama wageni hawaruhusiwi kutuunganisha na jirani, shirika letu lenyewe lituunganishe. Mwaka 2018 lilianza safari za Entebbe na Bujumbura kutoka Dar. Mojawapo ya safari hizo ingeshindwa vipi kushusha mguu Tabora, mji ulio karibu na mstari wake?

Hoja ya pili ya wakubwa ni abiria. Eti Tabora hakuna abiria wa nje. Hii ina uzito kidogo, siidharau. Ndege yenye viti 76 ikiruka na watu 11 ni hasara, na hasara ya shirika la umma tunailipa wewe na mimi kwenye sukari. Ndiyo maana siombi ndege ya kila siku, wala siombi Dubai wala London; anayewaahidi London kwenye kampeni mzomeeni. Ninachosema ni kwamba ndege inayotoka Dar kuja Tabora isigeuze hapa kila mara, iendelee mbele siku mbili za wiki. Viti vitajazwa na wa Dar, wa Tabora na wa Bujumbura kwa pamoja.

Na wa Tabora wapo. Mkoa huu kwa sensa ya 2022 una watu zaidi ya milioni 3.3. Nendeni Ulyankulu. Kule wamo watu waliokimbia Burundi mwaka 1972, wakalima, wakazaa, na wengi wao wakapewa uraia wa Tanzania. Vyeti vyao vilitolewa 2014. Hao ni Watanzania wenye shangazi na makaburi ng'ambo ya mpaka. Leo akifiwa anapanda basi mpaka Kigoma, anaunga Manyovu, anavuka Mugina, na akifika matanga yamekwisha anajua. Sisemi wote watamudu ndege. Wapo watakaomudu, tena wapo wenye maduka makubwa kuliko haya ya katikati ya mji.

Halafu yuko mnunuzi. Asali yetu haihitaji ndege, tusidanganyane hapo pia. Asali haiozi, inasafiri vizuri tu kwa treni. Tumbaku nayo ni mizigo ya reli na lori. Anayehitaji ndege ni yule mwenye pesa anayetaka kuiona asali Sikonge, kuionja, kupima, kuandikishana na kurudi kwake kesho yake. Huyo akiambiwa apoteze siku mbili Dar, anaishia kununua Dar, kwa dalali aliyeinunua kwako kwa bei ya kutupa. Ndipo ndege inapokuhusu wewe usiye na nauli. Haikubebi, inakuletea mnunuzi bila dalali katikati.

Kuna atakayeniambia subiri SGR. Mkataba wa kipande cha Makutupora hadi Tabora ulisainiwa mwaka 2021, wa Tabora hadi Kigoma mwaka 2022, na njia ya kuingia Burundi kupitia Uvinza nayo imeingizwa kwenye mipango. Vizuri sana, tunaitaka. Lakini reli na ndege havijawahi kuwa wake wenza. Nairobi ina vyote viwili.

Wengine watasema Kongo kuna vita. Kweli, Goma ilitekwa Januari 2025. Ndiyo maana nimetaja Bujumbura kwanza, na ya pili ningetaja Nairobi, kilometa 610 hivi kutoka hapa. Kalemie na Lubumbashi zitafuata zamu yake. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, haiondoki.

Na msije mkaambiwa kwamba uwanja ni jambo la wataalamu peke yao. Chato, wilaya ya nyumbani ya Rais John Magufuli, ilijengewa uwanja wa ndege katika awamu ya tano. Songwe ya Mbeya ilifunguliwa mwaka 2012 na kupewa jina la kimataifa. Sina kinyongo na watu wa Chato wala wa Mbeya. Ila tujue kwamba mahali fulani palikaa mtu akaamua. Tabora, mji uliomsomesha Nyerere, mji ambao TANU ilifanya mkutano wake wa Januari 1958 na kuamua kuingia kwenye kura tatu, imetoa waamuzi wengi. Wameamulia miji mingine.

Basi wakija kuomba kura, au diwani wenu akiitisha mkutano, msimuulize "uwanja lini?" Swali hilo wameshalizoea, jibu wanalo mfukoni. Muulizeni haya. Je, Tabora imo kwenye orodha ya miji inayotajwa katika mkataba wetu wa anga na Burundi, ndiyo au hapana? Je, Mamlaka ya Viwanja vya Ndege imeshaandikiwa barua ya kuomba Tabora itangazwe kuwa mahali pa kuingilia nchini, na barua hiyo ina tarehe gani? Je, Uhamiaji na TRA mkoa wamewahi kuulizwa kama wanaweza kutoa maofisa siku mbili kwa wiki? Mwandike majibu yake kwenye daftari, na tarehe, na jina lake. Kisha mniletee, nitayachapa hapa hapa.