Jicho Kavu Litoalo Machozi



Mimi si mganga. Ni karani kama wengi wenu. Nimetakwa niseme juu ya macho kwa sababu mnayajua yaliyonipata, na baadhi yenu mlinicheka.

Mwaka juzi, kila ilipofika saa nane mchana, macho yangu yalichoma kana kwamba yametiwa mchanga. Yalikuwa mekundu, na machozi yalinidondoka juu ya majalada. Mkubwa wangu wa kazi alidhani nanywa pombe, akaniandikia barua ya onyo. Kwa haya nalikwenda dukani, nikanunua chupa ya dawa pasipo cheti cha daktari. Macho yakatakata kwa siku chache, nami nikaendelea nayo miezi miwili. Kumbe ilikuwa na steroidi! Dawa ya namna hiyo ikitumiwa muda mrefu bila kuangaliwa na daktari yaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho, na hata kuleta mtoto wa jicho. Yangu ilikwisha anza kupanda. Namshukuru Mungu, ilishuka nilipoiacha.

Daktari wa macho aliponiambia, "Bwana, macho yako ni makavu," nilidhani ananifanyia mzaha. Jicho litiririkalo machozi laitwaje kavu?

Akanieleza hivi. Jicho limefunikwa na utando mwembamba sana wa machozi. Chini kabisa pana ute, unaoyashikisha machozi juu ya jicho. Kisha yapo maji, na juu yake mafuta kidogo yatokayo katika tezi ndogo ndogo zilizopangwa ukingoni mwa kope, ambazo Heinrich Meibom, mganga wa Ujerumani, alizieleza mwaka 1666. Mafuta hayo huyazuia maji yasikauke upesi, kama mafuta yaeleayo juu ya supu yanavyouzuia mvuke. Tezi zikiziba, maji hukauka, jicho likaumia. Nalo likiisha kuumia humwaga maji mengi ya ghafula yasiyodumu. Ndiyo hayo yaliyolowesha majalada ya Serikali.

Upimaji ulianza kwa maswali: nafanya kazi gani, natumia dawa gani (maana zipo dawa za mafua na mzio zikaushazo macho), je, kinywa nacho ni kikavu, na viungo vyauma? Swali hili la mwisho lahusu ugonjwa ambao Henrik Sjögren wa Sweden aliueleza mwaka 1933, ambao mwili wenyewe hushambulia tezi zake. Kisha akanitia rangi ya manjano, akahesabu ni muda gani utando utakaa kabla ya kupasuka. Chini ya sekunde 10 si vizuri. Wangu ulipasuka kwa sekunde 4. Mwisho akapachika kikaratasi kwenye kope la chini kwa dakika 5, kipimo cha Otto Schirmer cha mwaka 1903. Kililowa milimita 14. Maana yake, maji ninayo. Nilichopungukiwa ni mafuta.

Ndugu zangu, mtu hupepesa macho kama mara 15 kwa dakika. Akikodolea kompyuta hupungua chini ya nusu, na kila kupepesa ndiko kukamuako mafuta na kuyatandaza. Zaidi ya hayo, feni ya ofisi yetu, ile tunayoigombania wote, ilielekezwa usoni pangu. Mimi ndimi niliyeshinda ugomvi huo.

Tiba yangu ni kitambaa cha maji ya uvuguvugu juu ya macho yaliyofumbwa, dakika 10 asubuhi na jioni, kisha kusugua kope polepole kuelekea ukingoni. Natumia pia matone ya machozi ya bandia; mwenye kuyahitaji zaidi ya mara nne kwa siku yampasa kuchagua yasiyotiwa dawa ya kuzuia kuoza. Wenye hali nzito zaidi hupewa siklosporini, au huzibwa vitundu vipitishavyo machozi kwenda puani. Lakini maumivu makali, kuona kufifia, au doa jeupe juu ya jicho hayangoji mwisho wa mwezi. Nenda siku hiyo hiyo.

Neno moja juu ya watoto. Mtoto asiyeona vema magharibi, na macho yake yamekauka, huenda amepungukiwa na vitamini A, naye aweza kupofuka upesi. Huyo hatibiwi kwa kitambaa wala kwa matone. Apelekwe hospitali mara moja.

Ripoti ya daktari niliipeleka kwa mkubwa wangu. Akaisoma, akanyamaza, barua ya onyo ingali katika faili langu. Naiomba Kamati iniandikie kuomba iondolewe, na iulize kama makarani wa kompyuta waweza kuruhusiwa kupumzisha macho dakika chache kila saa.

Sasa niko tayari kujibu maswali yenu kwa kadiri nijuavyo.