Asilimia 8.5

Msikilizaji, aliyoyasema Waziri wa Afya wa Marekani, Kennedy, Aprili 2025, umeyasikia. Umesikia kwamba wako watoto wenye usonji ambao hawatalipa kodi, hawatashika kazi, hawatacheza besiboli, hawataandika shairi. Umesikia pia kwamba kesho yake alijieleza, akasema alikuwa na maana ya wale walioelemewa zaidi. Sisi kilichotukosesha usingizi ni kilichofuata kwenye simu zetu.

Zilifuata klipu. Mpaka jana jioni nilikuwa nimetumiwa ya Kodi Lee mara sita: kijana asiyeona, mwenye usonji, anakaa kwenye piano, anaimba, ukumbi mzima unatokwa machozi, na mwaka 2019 anashinda America's Got Talent. Chini ya klipu, maneno ya watu wetu wa Kiswahili hapa Texas, wa Arlington, wa Lewisville, wa mtaa wa Bissonnet kule Houston: mnaona, hawa watoto ni majiniasi! Nia ni njema. Lakini mama mmoja wa Fort Worth alinipigia usiku, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeungama: "Kaka, wangu hapigi piano. Nifanyeje?"

Leo tunasema na mama huyo.

Wenye vipaji vya kustaajabisha wapo. Kadirio la zamani linalonukuliwa sana ni mtu 1 kati ya 10 wenye usonji. Je, wale 9? Wafungiwe chumba cha nyuma wageni wakibisha hodi? Na yule mmoja, nani atamwona, ikiwa shule haijakubali hata kumpima?

Ndiyo, tunarudi kwenye wimbo wetu. Mliouchoka mtatuwia radhi. Asilimia 8.5. Mwaka 2004 mamlaka ya elimu ya Texas iliziwekea shule lengo kwamba wanaopata elimu maalumu wasivuke asilimia 8.5 ya wanafunzi, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa kama 13. Watoto wenye mahitaji hawakupungua. Zilipungua fomu. Mwalimu alijua, mkuu wa shule alijua, mzazi hakuambiwa. Gazeti la Houston Chronicle lilianika jambo hili mwaka 2016, mwaka uliofuata bunge la jimbo likapiga marufuku kiwango hicho, na Januari 2018 serikali kuu ikatamka kwamba Texas ilivunja sheria. Asilimia 8.5! Mtoto aliyekuwa na miaka 6 mwaka 2004 leo ni mtu mzima, na hakuna wa kumrudishia darasa lake la kwanza.

Ripoti ya serikali kuu kuhusu usonji, iliyotoka Aprili 2025, ndiyo iliyomfanya waziri aseme. Wote tumeshika namba moja tu: mtoto 1 kati ya 31 ana usonji. Tafuta Laredo, hapa hapa Texas: hawafiki 10 katika kila 1,000. Tafuta kituo cha uchunguzi cha California: 53. Hewa ya Laredo haina dawa, msikilizaji. Waandishi wa ripoti wenyewe wanakubali kwamba tofauti kama hizi huenda zinatokana na nani anapata huduma ya kupimwa. Asiyepimwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hana usonji wala hana kipaji. Ni mtukutu tu.

Mtukutu mmoja namjua. Ana miaka 9. Tulikuwa kwenye harambee ya msiba, ukumbi wa kanisa huko Garland, yeye amelala kifudifudi chini ya meza ya sambusa, ameziba masikio kwa mabega, anachora nyuma ya karatasi ya ratiba. Nikainama. Yalikuwa yale makutano ya High Five ya Dallas, barabara ya 75 inapokutana na 635: ngazi zote 5, nguzo kwa nguzo, kila mchepuko unapopandia na unapoteremkia. Hakuninyanyulia macho. Aliweka kidole penye mkunjo mmoja akasema, "Hapa baba alipotea. Mara tatu." Baba yake akacheka kwa aibu, "Huyu ni kuchorachora tu." Shuleni kwake, nimeonyeshwa karatasi, wameandika kwamba hazingatii.

Hazingatii!

Pale Stockyards, Fort Worth, watalii hupiga picha na ng'ombe wenye pembe ndefu. Mwulize mfugaji yeyote kuhusu Temple Grandin. Ana usonji, alikaribia miaka 4 ndipo akasema, na sehemu kubwa ya ng'ombe wa Marekani hupita kwenye mazizi na vichochoro alivyobuni yeye, kwa kuwa aliona kinachomtisha ng'ombe: kivuli, mnyororo unaoning'inia. Alimkuta mwalimu wa sayansi aliyemshika mkono. Na kule Plano, mwaka 2008, akina baba wawili wenye watoto wenye usonji walichoka kusubiri, wakaanzisha nonPareil, taasisi inayowafundisha watu wazima wenye usonji programu za kompyuta na michezo ya video. Baadaye wakafika Houston. Hawakuanza kwa kuuliza nani jiniasi.

Sasa wewe. Acha kunong'ona. Mficha uchi hazai. Usimwambie mwalimu mlangoni, maneno ya mlangoni hayana tarehe. Andika barua! Iandikie ofisi ya elimu maalumu ya wilaya ya shule, sema naomba mwanangu apimwe, tia tarehe, baki na nakala. Wana siku 15 za shule kukujibu kwa maandishi. Ukishatia sahihi ya kukubali, siku 45 za shule za kumpima. Kwenye kikao cha ARD, kile kinachopanga elimu maalumu ya mtoto, dai mkalimani, ni haki yako, na usitie sahihi usichokielewa. Wakisema amefeli hesabu, uliza kuhusu michoro. Wakimwita ana kipaji, uliza kuhusu masikio anayoyaziba. Darasa la vipaji na elimu maalumu havikatazani. Mtoto mmoja anaweza kuwa navyo vyote viwili. Na asiye na kipaji cha kuonyesha wageni, barua yake ni ile ile. Andika!

Lakini sikia: ni siku za shule, si za kalenda. Shule zikifungwa mwishoni mwa Mei, siku hizo haziendi.  Mama wa Fort Worth, rasimu ya barua kwa Kiswahili na Kiingereza iko hapa mapokezini kwetu, na mlango uko wazi mpaka saa mbili usiku.