Chunusi Sugu Si Uchafu

Msikilizaji, binti anayesugua uso kwa dodoki mara nne kwa siku haondoi chunusi. Anachubua ngozi tu. Homoni za kubalehe huzidisha mafuta, vitundu vya vinyweleo vikaziba, bakteria wakazaliana humo. Uvimbe ukizama chini, huacha makovu.

Na kile kikopo cha krimu ya kujichubua yenye steroidi? Wiki za mwanzo uso unang'aa, kisha chunusi zinafumuka upya. Inaniuma kila nikikiona sokoni.

Nenda kliniki ya ngozi mapema. Dawa nyingi huchukua wiki 8 hadi 12 kuonyesha matokeo, kwa hiyo usiziache njiani. Vidonge vya isotretinoini hutibu chunusi kali, lakini humlemaza mtoto tumboni: mjamzito asivimeze kamwe.