Wenye watoto 99 wanakaa mtaa gani?

(Haya ni mazungumzo ya juma kama yalivyotangazwa redioni. Tunayachapa kwa faida ya wasomaji ambao hawakupata kuyasikiliza.)

Leo napenda tuzungumze juu ya elimu inayosomwa usiku, wakati watoto wamelala na bando la intaneti limeshuka bei. Nawazungumzia vijana wetu, na watu wazima pia, wanaojifunza takwimu kwa njia ya intaneti, hususan ule uchambuzi wa vigeu vingi kwa pamoja.

Msinikimbie kwa kusikia neno vigeu. Kigeu ni jambo lolote linalopimika na ambalo hubadilika kutoka mtu mmoja hadi mwingine, kama vile umri, mapato au idadi ya watoto. Nenda kwa fundi cherehani. Atakupima mabega, kifua, kiuno, mkono na urefu wa shati. Hivyo ni vigeu vitano. Lakini nenda kwenye soko la mitumba, utakuta shati lina herufi moja tu nyuma ya ukosi, na mara nyingi herufi hiyo haikudanganyi. Sababu ni kwamba vipimo vya mwili huandamana. Mwenye mabega mapana aghalabu na kifua chake ni kipana. Kwa hiyo herufi moja inaweza kubeba sehemu kubwa ya habari za vipimo vyote vitano. Habari inayobaki, yaani mtu kuwa mrefu mwembamba au mfupi mnene, huwa ya pili.

Hesabu ya kutafuta herufi kama hiyo ndani ya vipimo vingi ilielezwa na Karl Pearson wa Uingereza mwaka 1901, na Harold Hotelling wa Marekani akaiendeleza mwaka 1933. Je, inatuhusu nini sisi tunaogombania daladala? Inatuhusu sana. Katika tafiti za afya na idadi ya watu zinazofanyika katika nchi nyingi, Tanzania ikiwamo, mdadisi hukuuliza sakafu yako ni ya nini, maji unachota wapi, choo chako ni cha namna gani, una redio au baiskeli. Majibu hayo hutiwa katika hesabu ya namna hii, ikatoka namba moja. Kwa namba hiyo watu hupangwa katika makundi matano, kuanzia maskini kabisa hadi tajiri kabisa. Kisha husemwa kwamba watoto wa kundi fulani wanapata chanjo na wa kundi fulani hawapati.

Sasa mfikirie mfugaji mwenye zizi la ng'ombe mia, lakini hana umeme wala sakafu ya saruji. Hesabu iliyojaa vitu vya mjini itamwita maskini. Wataalamu wa tafiti hizo wenyewe waliiona kasoro hiyo, ikabidi watafute njia ya kukokotoa mjini mbali na vijijini mbali, kisha kuunganisha. Mnaona basi kwamba anayechagua maswali, na anayeielewa hesabu, ndiye anayeamua nani aitwe maskini. Ndiyo maana nafurahi ninapoona vijana wetu wanaitafuta elimu hii.

Kusoma ukiwa mbali na mwalimu si jambo geni kwetu. Wapo wazee wanaonisikiliza sasa ambao walisoma kwa njia ya posta katika miaka ya 1970, wakisubiri bahasha ya majibu kama wanavyosubiri mvua. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kikaanza kufundisha mwaka 1994. Mwaka 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitaweka masomo yake kwenye intaneti bila malipo, na vingine vikafuata. Programu ya takwimu iitwayo R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, nayo hutolewa bure. Mlango uko wazi. Taabu, ndugu zangu, iko ndani ya nyumba.

Nitawasimulia kisa cha kijana mmoja, karani katika ofisi moja hapa mjini. Kwa muda wa miezi kadhaa alisoma usiku akafaulu mazoezi yote. Mazoezi hayo yalitumia maua ya iris, yale maua 150 ya aina tatu, yenye vipimo vinne kila moja, ambayo R. A. Fisher aliyatumia katika andiko lake la mwaka 1936. Ni maua ambayo wengi wetu hatujapata kuyaona, na takwimu zake ni safi, hazina pengo hata moja. Kijana akapata cheti, akakibandika ukutani.

Siku moja mkuu wake akampa madodoso ya kaya mia kadhaa. Kijana akaingiza kila kitu kwenye kompyuta, akabonyeza. Jibu likatoka kwamba namba moja tu inaeleza karibu tofauti zote zilizopo baina ya kaya. Akashangilia. Kumbe mapato yalikuwa yameandikwa kwa shilingi, malaki kwa malaki, na watoto kwa idadi, watatu au wanne. Shilingi zikameza kila kitu kwa sababu tarakimu zake ni kubwa. Kompyuta haikulalamika. Alikuwa amesahau kuviweka vipimo vyote katika mizani moja kabla ya kuvilinganisha.

Akarudi kwenye masomo, akajisahihisha. Safari hii kaya chache zikajitenga mbali na wenzao, pembeni kabisa mwa mchoro. Akaandika katika taarifa yake kwamba amegundua kundi la pekee la jamii. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa amezunguka mitaani kukusanya madodoso yale, akaisoma karatasi, akavua miwani.

“Mwanangu,” alisema, “hawa wenye watoto 99 wanakaa mtaa gani?”

“Sijui, mama. Ndivyo kompyuta inavyoonyesha.”

“Tuliagizwa tuandike 99 pale mtu anapokataa kujibu.”

Ndugu wasikilizaji, mama yule hajui vigeu wala programu ya R, lakini alijua takwimu zile zilikotoka. Taarifa ile ingalipita, pengine fedha zingalitengwa kwa ajili ya watu ambao hawapo, na wenye shida ya kweli wangalikosa. Kijana, nashukuru kusema, hakununa. Alivuta kiti akamwomba mama amweleze dodoso zima, swali kwa swali. Siku hiyo ndiyo aliyohitimu, kwa maoni yangu.

Simcheki kijana huyo. Somo la intaneti lilimfundisha mengi ambayo asingeyapata kwingine kwa mshahara wake. Lakini somo hilo haliwezi kukuchungulia begani na kukuuliza umepata wapi namba hiyo. Kazi hiyo lazima tuifanyiane wenyewe.

Kwa wanaosoma, basi, ningeshauri wasisome peke yao. Watatu wanne wa mtaa mmoja wakikutana Jumamosi, kila mmoja na daftari lake, watakamatana makosa. Na wakokotoe mfano mmoja mdogo kwa penseli, watu watano na vipimo viwili, ndipo waiachie kompyuta. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tena waache maua ya wageni, wapime vitu vya kwao, kama bei za nyanya katika masoko matatu au muda wa safari ya basi asubuhi na jioni.

Kwa wakuu wa ofisi nina ombi moja. Msimdharau aliyesoma usiku kwa sababu cheti chake kimetoka kwenye kompyuta, wala msimpe kazi ya kuhesabu maskini kwa sababu tu anacho. Mpeni takwimu halisi, mpeni na mama wa madodoso akae karibu naye.

Na wewe msikilizaji usiyejihusisha na hesabu, siku utakaposomewa kwamba watu wa mtaa wako ni maskini au matajiri, uliza wamepimwa kwa maswali gani. Una haki ya kuuliza.

Hadi juma lijalo, nawatakieni usiku mwema.