Ua la Mwambani

Ninyi wa Nkende mnaotusikia kabla ya kushuka kijitoni kuteka maji, Jumapili hii tunawaalika tutazame ua. Katika bustani ya kwanza mwanadamu aliwekwa ailime na kuitunza, akaletewa wanyama awape majina. Juu ya kuyapa maua majina Maandiko yamenyamaza, na huenda ndiyo maana mengi twayakanyaga tu.

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, aliuona mmea mdogo katika Usambara akaupeleka kwao. Mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akauandika kwa jina la Saintpaulia, yaani jina la ukoo wa mtawala yule, wala si la Mtume. Tangu mwaka 2015 wataalamu wameuingiza katika jamii ya Streptocarpus. Majani yake yana vinyweleo, yamejipanga duara na kuulalia mwamba. Ua ni la rangi ya urujuani, na katikati yake mna vijidoa viwili vya manjano.

Leo mmea huo umejaa madirishani Ulaya na Marekani, kwa kuwa hata jani moja likichomekwa udongoni huotesha mche. Lakini porini haumei popote duniani ila Tanzania na upande wa kusini-mashariki wa Kenya. Kule Amani hukaa kwenye miamba yenye kivuli, kando ya vijito na Mto Zigi. Miti ikikatwa, jua huupiga mwamba, na mmea hukauka. Hakuna aliyelichukia ua. Zilitakiwa mbao, likatakiwa shamba. Nayo yale ya madirishani yamechanganywa mbegu miaka mingi, hata si yale ya mwambani tena.

Kuutambua nako ni kazi. Zamani zilihesabiwa aina 20. Mwaka 2006 zikapunguzwa kuwa 6. Mabishano hayo si ya bure, maana kundi lililobaki kwenye kijito kimoja, likihesabiwa pamoja na mengine, kupungua kwake hakuonekani.

Msitu wa Amani ulitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Miti ile ile inayolipa ua kivuli huulinda Mto Zigi, ambao watu wa mji wa Tanga wanakunywa maji yake.

Na vijito vyetu vya Tarime, ni nani aliyekwisha kuhesabu vinavyomea kingoni? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu na zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tunajua kwamba kwa mwenye kishamba chembamba, mita 60 ndizo shamba lenyewe. Asihukumiwe kabla ya kusikilizwa na serikali ya kijiji. Hata hivyo, mkiliona kando ya maji ua msilolifahamu, msiling'oe. Waulizeni wazee jina lake la Kikuria, angalieni mwezi linapochanua na mti unaolitia kivuli, kisha mpelekeeni habari afisa misitu wa wilaya kabla jembe halijafika.